Polisi wavunjwe? Halafu usiku ukiibiwa unampigia nani

Shemeji yangu ni mvuvi wa dagaa, yuko mwalo mmoja hivi upande wa Ilemela hapa Mwanza, mwaka juzi wakamng'olea injini ya boti usiku na hela ya kikoba aliyoinunulia ilikuwa hata haijaisha kulipwa. Asubuhi nikamsindikiza kituoni. Tukaandikisha, tukapewa RB, ile namba ya taarifa, halafu afande akatuangalia vizuri tu bila hata aibu akasema, "Sasa wazee wangu, gari halina mafuta." Nyuma ya kichwa chake bango limeandikwa dhamana ni bure. Nilitamani kucheka.

Kwenye daladala shemeji kavimba, anasema hawa wa kazi gani, si wavunjwe tu tujue moja.

Kumbe bila kujua kaingia kwenye ugomvi wa Wamarekani. Baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis Mei 2020, madiwani tisa kati ya 13 wa mji ule walisimama hadharani wakaahidi kuivunja idara yao ya polisi, watu wakashangilia, mwaka uliofuata swali likapelekwa kwenye kura, wananchi wakakataa, kama 56 kwa mia hivi. Na sio kwamba walikuwa wanawapenda polisi. Wanaotaka wafutwe wana hoja, msiwacheke, wanasema hela ya bunduki ipelekwe kwenye nyumba na matibabu, na mtu aliyechanganyikiwa akili hahitaji difenda ya polisi anahitaji muuguzi. Hilo la muuguzi nakubali hata kwa hapa Mwanza.

Ila sisi Kanda ya Ziwa hili la kuishi bila polisi hatulisomi kwenye simu, wazazi wetu wameliishi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, vita ya Kagera imeisha, silaha zimezagaa, ng'ombe wanaswagwa usiku, polisi ukimhitaji yuko mbali, Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu. Mjomba wangu wa Magu alikuwemo. Anasema mwano, ule ukelele wa kuitana, ukipigwa unatoka na upinde wako hata kama una homa, ukibaki ndani kesho unapigwa faini, ukikaidi faini unatengwa, hupewi moto, hupewi salamu, ukifiwa unazika mwenyewe. Na wizi ulipungua, hilo mjomba halina ubishi kwake, serikali yenyewe ikawakubali na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Sasa muulize kuhusu wale bibi wenye macho mekundu. Anakaa kimya, anachokonoa meno. Macho yale mengi yalikuwa ya moshi wa kupikia miaka yote lakini walioitwa wachawi wakafanyiwa walichofanyiwa, na hakukuwa na pa kukata rufaa kwa sababu aliyekukamata ndiye aliyekuhukumu na ndiye jirani yako.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza nasema fimbo haifutiki, ukimnyang'anya huyu anaishika mwingine, na mimi nataka yule mwenye fimbo ambaye naweza kwenda kumshtaki kwa mtu asiyekula naye meza moja. Hapo ndipo tunapokwama. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilipendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya, watu kijiweni wakaishia kubishania jina, liitwe jeshi au huduma. Jirani zetu Kenya walishalibadilisha jina kwenye katiba ya 2010, wakaweka na chombo cha kiraia cha kusimamia polisi, na bado Juni 2024 vijana walipigwa risasi barabarani. Chombo kile angalau kinapokea malalamiko ya yule aliyepigwa, sisi hapa polisi akikuumiza mara nyingi unaishia kumwandikisha kwa polisi mwenzake. Semina za maadili na sare mpya mimi hazinihusu, nipeni hilo moja, na mafuta ya gari yawe kwenye bajeti sio kwenye mfuko wa aliyeibiwa.

Injini ilipatikana siku ya nne. Vijana wa mwaloni wenyewe waliikuta imefichwa kwenye matete, na dogo aliyeiiba naye wakamkuta, miaka kama 17 hivi, kavaa jezi ya Simba imechanika begani. Wameshamzunguka, mmoja kashika tairi. Shemeji ndiye aliyenipigia simu, sauti inatetemeka, anataka namba ya yule afande wetu.

Difenda ilikuja ndani ya nusu saa, dogo akaondoka mzima. Elfu ishirini ya mafuta katoa shemeji.