Sentensi moja ya Kiingereza imenilaza kwenye kochi

Naandika hii saa saba usiku niko kwenye kochi, mbu wananipigia taarabu sikioni, na asitokee mtu wa kuniambia Kiingereza ni lugha tu kama lugha nyingine, hizo lugha nyingine zishawahi kukutoa kitandani kwako?

Mi dereva wa bajaji. Nimeanza kozi ya Kiingereza jioni kwa sababu wazungu wakipanda nilikuwa najibu "yes, no problem" hata pale wanaponiambia nimewapitiliza hoteli. Tuliosoma shule ya msingi ya serikali tunajuana, mpaka la saba kila kitu Kiswahili, unaingia form one ghafla mpaka chura anapasuliwa kwa Kiingereza, wengine tulibaki hapo hapo kwa chura.

Wiki hii ticha, kijana mdogo tu, kaleta "if". Nikasema if naijua, if ni kama. Kumbe bwana. Sisi -nge- tunaiweka huku na huku, ningekuwa na hela ningenunua bajaji ya pili, umemaliza. Nikaandika hivyo hivyo, "If I would have money I would buy", ikakatwa na peni nyekundu, eti would ni kama konda, gari moja konda mmoja, akikaa upande huu upande wa pili hakai. Kwenye if inakaa "had". Nikauliza ticha, had si ya jana? Mi naongelea hela ambayo sina LEO, na jana vile vile sikuwa nayo, hii had imetokea wapi? Akasema hapo si wakati uliopita, ni kuonyesha kwamba jambo lenyewe halipo. Yaani wenzetu jambo lisipokuwepo wanalirudisha jana. Afu eti "if I were you", wakati mi nimekula viboko vya maana utotoni kwa ajili ya I was.

Na hapo zaidi bado. Sisi zaidi tunayo moja, haraka zaidi, taratibu zaidi, vizuri zaidi, inapiga kazi zote wala hailalamiki. Wao slowly inawekewa more mbele, haya, nikashika. Nikasema "more fastly" darasa zima likacheka, eti ni faster, fastly haipo. Hard nayo ni harder, ila hardly ipo, isipokuwa maana yake ni karibu na hakuna kabisa, na mi kuna barua ya kazi niliandika mwaka jana nikaahidi "I will work hardly", ndo nimejua leo kwa nini hawakupiga simu. Ukisema "more better" unachekwa, kwani sisi tunaosema bora zaidi kila siku nani kafungwa? Na had better sijui niseme nini, had ipo, better ipo, jana haipo, eti ni kumwambia mtu bora uondoke sasa hivi.

Basi Ijumaa ikaja homuweki, tunga sentensi ya if ya majuto, iwe na more pande zote mbili, itoke kwenye maisha yako. Kichwani nilikuwa nimebakiwa na maneno mawili tu, carefully na peacefully. Naapa nilitaka kuandika habari za kuendesha bajaji, ila sikukumbuka ni drived, drove au driven, nikatafuta kitendo kisicho na kona, nikakipata, marry, hiyo ni married mwanzo mwisho. Nikaandika: "If I had married more carefully, I would be sleeping more peacefully."

Ticha kapiga tiki kubwa, akaisoma mbele ya darasa, eti nimechanganya majuto ya zamani na hali ya leo kwenye sentensi moja na hata hajatufundisha. Tiki yangu ya kwanza tangu kozi ianze! Nikarudi home kichwa kimevimba, daftari nikaliacha mezani wazi, makusudi, watu waone.

Mama watoto kaona tiki kafurahi, kamwita binti yetu wa form three amtafsirie na yeye ajivunie mume.

"Baba anasema angeoa kwa umakini zaidi, saa hizi angekuwa analala kwa amani zaidi."

Jamani ule ukimya. Feni tu ndo ilikuwa inaongea. Nikaanza kujitetea, mama watoto hiyo ni grama tu, tatizo lilikuwa drive, nikamgeukia binti aniokoe, nae anaangalia daftari anasema, "Ila baba sentensi iko sawa kabisa."

Mwenzangu hakupiga kelele, na heri angepiga. Akakunja khanga yake taratibu, akasema, "Ningekufahamu vizuri zaidi, ningeikataa ile posa mapema zaidi."

Na mi sijui shetani gani kanipanda, nikamwambia kwa Kiingereza hiyo -nge- ya kwanza ungeitoa, konda ni mmoja tu.

Sijamaliza kusema konda, mto huo, ukifuatiwa na shuka.