Kaa Hana Damu? Nani Kasema?

Kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya wazazi siku hizi. Mwalimu wa baiolojia, ubao msafi, sauti ya kupendeza, anafundisha mzunguko wa damu. Binadamu, hongera. Ndege, hongera. Samaki, anajitahidi. Akifika kwa kaa anatabasamu kidogo, anasema huyu ni mnyama duni, damu yake inamwagika tu mwilini. Kisha anafuta ubao.

Inamwagika tu! Mke wangu anasema nimekasirika kupita kiasi kwa ajili ya kitoweo. Sawa, lakini hebu tumfungue huyo kitoweo.

Mbandue kaa koko gamba la mgongoni. Katikati, ukielekea nyuma, utaona kifuko cheupe kidogo kilichotundikwa kwa kano ndani ya uwazi wake. Huo ndio moyo. Una chumba kimoja na jozi tatu za matundu yenye vali. Ukijikaza, matundu yanafunga na damu inasukumwa kwenye mishipa saba: wa kwenda machoni na kwenye ubongo, mingine miwili ya kichwani na tumboni, mmoja kwenye ile tezi ya njano ambayo walaji mnaigombania (iko kushoto na kulia, kwa hiyo ni miwili), mmoja wa nyuma, na mmoja mnene unaoshuka chini, unapenya katikati ya fundo la neva na kwenda kulisha miguu na magando. Moyo unapojikaza zile kano zinavutika, na zikijirudi zinaufungua upya. Kila mshipa una vali yake mlangoni, na vali hizo zinaamrishwa na neva. Oksijeni ikipungua majini, kaa anabadilisha mgao: huku anabana, kule anaachia. Mapigo yenyewe yanaendeshwa na fundo la seli tisa za neva lililokaa palepale kwenye moyo. Tisa! Hebu niambieni kamati gani mnayoijua yenye wajumbe tisa inayofanya kazi usiku na mchana.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mwalimu wetu hakuligusa kabisa. Damu inayoingia kwenye moyo wa kaa inatoka moja kwa moja kwenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, imekwisha kubeba oksijeni. Inapotoka moyoni inakwenda kazini. Mlinganisheni na samaki, yule aliyepewa daraja la juu kuliko kaa: moyo wake unapokea damu iliyokwisha kutumika, unaisukuma kwanza kwenye vimishipa vyembamba vya matamvua, presha inaporomoka humo, ndipo damu itambae kwenda mwilini. Chura naye, ambaye kila mwanafunzi amempasua, ana ventrikali moja, yaani chumba cha kusukumia damu, inayopokea damu ya aina zote mbili. Hao ndio wameendelea, na kaa ndiye duni. Kwa kipimo gani? Kwa kipimo cha kufanana na sisi, basi. Tumejichora juu ya ngazi, kisha tunashangaa kila mtu yuko chini yetu.

Haya, ni kweli mfumo wa kaa unaitwa wazi. Damu yake hatimaye huiacha mishipa na kupita katikati ya seli, na presha yake ni ndogo kuliko yetu. Hilo nalikubali shingo upande, maana hata hapo pana maneno. Mwaka 2002 watafiti McGaw na Reiber walichapisha kazi yao juu ya kaa wa bluu wa Marekani. Walimjaza utomvu wa plastiki kwenye mishipa, na ulipoganda wakaziona njia zote: mishipa inagawanyika na kugawanyika tena mpaka vimishipa vyembamba mfano wa kapilari, na nafasi ambazo damu inarudia zina mipaka yake. Ovyo iko wapi hapo?

Na huo uwazi una faida. Kaa akijivua gamba, lile jipya ni laini kama ngozi ya mtoto. Misuli itajishikiza wapi? Kwa siku chache umajimaji ulio ndani yake, ukiwa umebanwa, unashika kazi ya mifupa, na anatembea hivyohivyo.

Kuhusu ule utani wa mtandaoni kwamba kila kiumbe mwishowe kitakuwa kaa, kuna chembe ya ukweli. Borradaile, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, aliupa mwenendo huo jina mwaka 1916, na umbo la kaa limejitokeza mara kadhaa katika koo tofauti. Lakini ni krasteshia, yaani jamii ya kaa na kamba, wa matawi jirani, si mbuzi wala shemeji yako. Kaa mfalme wa Alaska ametokana na kaa wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na tumbo la jike lake mpaka leo limepinda upande mmoja. Yule mkubwa wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, anayepanda minazi naye ni wa tawi hilohilo. Kaa wa kweli kama kaa koko walifika kwa njia yao: mkia ukafupika, ukakunjwa chini ya kifua, na ule mshipa wa nyuma, ambao kwa kamba unalisha mkia mnene wote, ukabaki mwembamba.

Lakini darasa baya linafika mbali. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, muuzaji mmoja alimng'oa kaa mguu mbele yangu ili apunguze fujo. Nikaguna. “Huyu hana damu, kaka, haumii.” Damu anayo. Haina wekundu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, kwa hiyo ni ya bluu hafifu au haina rangi kabisa. Haikumwagika kwa sababu mguu wa kaa una mahali maalumu pa kukatikia, na pana utando unaoziba hapohapo. Ukimchemsha, ule ute mweupe unaoganda pembeni ndiyo damu yenyewe, umekuwa ukiila miaka yote.

Uswisi walikataza mwaka 2018 kumchemsha kambakoche akiwa hai bila kumpoteza fahamu kwanza, na Uingereza mwaka 2022 wakawaweka kaa na kamba kwenye sheria ya wanyama wenye hisia. Sisi tusisubiri bunge. Mzike kwenye barafu iliyopondwa mpaka alegee kabisa, umchome kisu chini ya mkia na kati ya macho, ndipo uweke sufuria jikoni. Nazi unaweza kukuna wakati unasubiri.