Batman asiye na mali: mchoro umemtangulia mwandishi

Tangu kampuni ya katuni ya DC ilipotoa toleo la kwanza la mfululizo wa katuni wa Absolute Batman mnamo Oktoba 2024, sifa nyingi zimeliendea wazo la mwandishi Scott Snyder la kumvua Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, utajiri wake. Humu Bruce ni mhandisi, mwana wa mwalimu aliyeuawa kwa risasi akiwa na wanafunzi kwenye bustani ya wanyama. Mama yake yu hai, na Alfred si mtumishi wake wa nyumbani kama tulivyomzoea bali jasusi wa Uingereza. Wazo ni zuri, lakini sina hakika kwamba maneno ndiyo yanayolibeba.

Mchoraji Nick Dragotta huusonga ukurasa kwa visanduku vidogo vidogo hadi msomaji akose pa kupumulia, kisha huupasua kwa picha moja kubwa ya Batman mwenye mabega mapana kama lango. Nembo ya kifuani hung'oka ikawa shoka. Hiyo ni silaha ya mtu anayejiundia vitu kwa mikono yake, na picha imeyasema hayo bila msaada wa sentensi hata moja.

Alfred, ambaye ndiye msimulizi, mara nyingi hueleza jambo ambalo jicho limekwisha kuliona. Hata hivyo, kumfuta kungekuwa hasara, kwa kuwa anamtazama Bruce kama mgeni anayemshuku, na sisi tuliozoea mhusika aliyebuniwa mwaka 1939 tunalazimika kumtazama upya pamoja naye.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji ni kwamba mwili ule wa kupita kiasi umechukua tu nafasi ya fedha: aliyekuwa akishinda kwa mali sasa anashinda kwa misuli, na ufukara wake haumgharimu kitu. Watetezi hujibu kwamba katuni za mashujaa zimejengwa juu ya kutia chumvi, jibu ambalo ni la kweli ila halitoshi. Lililonishawishi zaidi ni toleo la nne, alilochora Gabriel Hernández Walta kwa mistari myembamba na tulivu. Wapo waliolalamika kwamba linakatiza mwendo wa hadithi, nao hawakukosea. Lakini ni humo ambamo Bruce alionekana kwangu, kwa mara ya kwanza, kuwa mtu anayeweza kushindwa.