Kivimbe cha pua kinachokuja baada ya miaka

Muulize daktari wa upasuaji wa urembo kwa nini hakumtajia mgonjwa habari za sisti, yaani kifuko chenye ute kinachotuna chini ya ngozi, kabla ya kumpunguza pua, atakujibu kuwa ni jambo nadra. Ni kweli. Si saratani, na ikitolewa vizuri kwa kawaida huisha. Tena fomu ya ridhaa ikiorodhesha kila lililowahi kumpata mtu, nani atatia saini? Hoja hiyo ina uzito.

Ila hilo neno "nadra" ndilo linalonikera. Patasi inapokata mfupa, au nundu ya pua inapochongwa, kipande cha utando laini wa ndani kinaweza kunasa chini ya ngozi. Hakifi. Kinaendelea kutoa ute kama kilivyozoea, sasa ndani ya mfuko usio na mlango. Polepole, juu ya mgongo wa pua au karibu na kona ya jicho, panatuna kitu laini mfano wa punje ya kunde. Wengine huwatokea baada ya miezi, wengine miaka mingi.

Basi nani anazihesabu sisti hizi? Aliyekwenda Istanbul, Uturuki, kupasuliwa pua, akabanduliwa plasta baada ya wiki moja na kupanda ndege, haonekani tena kwenye mafaili ya aliyempasua. Mwaka wa nane anaingia kwa daktari mwingine kabisa, na pengine haya inamzuia kusema pua iliwahi kuguswa. Anachomwa sindano, ute unavutwa, anarudi nyumbani. Kivimbe nacho kinarudi, maana mfuko haukutolewa.

Madhara yanayochelewa kujitokeza, pua imeyajua zamani. Mwaka 1899 huko Vienna, daktari wa upasuaji Robert Gersuny alianza kudunga vaselini mwilini ili kurekebisha umbo; nta ya parafini ikafuata. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifika kwa uzuri, alidungwa parafini puani, ikamteremkia hadi kidevuni. Sindano hizo ziliachwa, lakini marhamu yenye mafuta ya jamii hiyo ilibaki kwenye gozi, vile vitambaa vyepesi vya kuzibia pua baada ya upasuaji, na ikipenya kwenye kidonda huweza kuacha uvimbe mgumu.

Sisemi kila sisti ni uzembe. Hata mkono makini hauoni kila chembe ya utando. Lakini sentensi moja siku ya kuruhusiwa haimtishi mtu: ukiona kivimbe, hata baada ya miaka kumi, mwambie daktari uliwahi kupasuliwa pua.