Mpira umevuka, kibendera kimelala

Jumapili tumeibiwa goli Ngarenaro, na bado limenikaa kooni. Kipa anautoa mpira kutokea ndani kabisa, mshika kibendera yuko mita 15 nyuma anahema, eti "haujavuka"! Sheria naijua: mpira mzima uvuke mstari mzima, ukibaki juu yake hata kidogo si goli. Sawa. Lakini mstari wenyewe ulikuwa wa majivu, na kufikia kipindi cha pili upepo ulishaubeba wote. Sasa alipima kwa nini, kwa imani?

Msiniletee habari za Lampard wa England, aliyenyimwa goli dhidi ya Ujerumani Kombe la Dunia la 2010 wakati mpira ulishavuka mstari. Kilio kile kilisikika: Kombe la Dunia la 2014 marefa walivalishwa saa zinazotetemeka mpira ukivuka. Sisi kibendera chenyewe ni kipande cha kanga.