Meza ya Singapore Ina Mwenyewe

Dada, funga mkanda tafadhali. Si kwamba naendesha vibaya, ila faini za hapa Singapore hazina huruma.

Unaniuliza habari za waziri mkuu mpya? Mpya gani! Lawrence Wong kaapishwa tarehe 15 Mei 2024, lakini kwamba ndiye, tulijua tangu 2022. Ukienda kula kwenye vibanda vya chakula utakuta meza tupu, juu yake pakiti ya tishu. Usithubutu kukaa! Ina mwenyewe, yuko kwenye foleni ya wali wa kuku. Na kile kiti cha juu ndiyo hivyo hivyo, tishu inatangulia, mtu anafuata. Kabla yake tishu ilikuwa ya Heng Swee Keat, naibu waziri mkuu wa wakati ule. 2021 akaja mwenyewe kuiokota, eti umri umekwenda, muda uliobaki hautoshi. Nikashangaa. Mwenzangu anaona miaka 60 ni mingi, mimi nina 68 bado nasokota usukani hadi usiku wa manane, na hakuna aliyenipigia simu kuniambia mzee pumzika.

Tangu 1959 mawaziri wakuu ni wanne tu: Lee Kuan Yew, Goh Chok Tong, Lee Hsien Loong mtoto wa yule wa kwanza, na huyu. Na wakiondoka hawaondoki! Lee Hsien Loong kashuka, siku hiyo hiyo kawa Waziri Mwandamizi, yumo baraza lile lile. Mama mkwe wangu akiaga, angalau mabegi tunayaona mlangoni.

Sisemi nchi mbaya. Maji yanatoka, barabara zinang'aa, watu wanane kati ya kumi wanakaa nyumba zilizojengwa na serikali, mimi nikiwemo. Ndiyo shida yangu hiyo, mlalamikaji hapa anakosa malighafi! Ile kesi ya S. Iswaran ilinirudishia uhai. Alikuwa waziri wa uchukuzi, kapokea zawadi za wafanyabiashara: tikiti za mpira, tikiti za mbio za magari, wiski, na baiskeli. Oktoba 2024 kafungwa miezi 12. Waziri wa hapa analipwa zaidi ya dola milioni 1 za Singapore kwa mwaka, makusudi, asije akatamani vya watu. Sasa milioni yote hiyo, baiskeli ikamshinda?

Ingawa kwa usafiri wa hapa namwelewa kidogo. Kabla ya gari unanunua kwanza kibali cha kuwa na gari, cha miaka 10 basi. Mwaka 2023 kibali cha gari dogo kilivuka dola 100,000. Karatasi, dada! Tairi bado, honi bado.

Na hawa wapanga mipango wetu, wanaojua mtawala miaka miwili kabla, hebu waulize kahawa mwezi ujao itauzwaje. Kimya! Kodi ya mauzo ilikuwa asilimia 7, 2023 ikawa 8, 2024 ikawa 9. Halafu serikali hiyo hiyo ikatugawia vocha, dola 500 kila kaya, Mei 2025. Mwezi wa uchaguzi. Imegongana tu, mimi sisemi kitu. Chama tawala kikazoa viti 87 kati ya 97. Kupiga kura kwetu ni lazima, nikaenda asubuhi na mapema. Nilimpa nani? Dada, wewe tazama maghorofa.

Vocha zenyewe zinapokelewa na mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima, kwenye simu. Kwangu mtu huyo ni mke wangu, na sikuona uchaguzi ukiitishwa. Nikitaka kahawa naomba. Ananiuliza ya jana iliisha saa ngapi.

Haya, tumefika. Unalipa kwa simu? Ah, lete taslimu, dada yangu. Ya simu anaiona.