Sanamu za Wazuni: zirudishwe zikaoze?

Kila Desemba, jua linapogeuka, watu wa ukoo wa Kulungu na ukoo wa Dubu mjini Zuni, magharibi mwa jimbo la New Mexico nchini Marekani, huchonga sanamu za mti za Ahayu:da, miungu pacha wa vita walinzi wa Wazuni. Hupelekwa mzimuni, penye upepo na theluji, na za zamani husogezwa pembeni. Hapo huachwa zioze. Kuoza ndiko kazi yake, maana nguvu zake hurudi ardhini.

Tangu karne ya 19 wageni walizibeba. Wengine walikuwa wezi, wengine wasomi. Frank Hamilton Cushing, mtafiti aliyeishi Zuni kuanzia 1879 hadi 1884, aliingizwa hata kwenye chama cha makuhani wa Upinde, yaani makuhani wa vita. Sanamu zikatapakaa kwenye makumbusho na sebule za matajiri. Mwaka 1978 viongozi wa Zuni walianza kuzidai.

Hoja za makumbusho hazikuwa za kipuuzi. Mhifadhi amekabidhiwa kitu akitunze. Atakitoaje akijua kinakwenda kuliwa na mvua? Kikiisha, hata kijana wa Kizuni wa miaka mia ijayo hatakiona. Tena nyingine zilinunuliwa kwa nia njema, na aliyeiba mara ya kwanza anaweza kurudi. Wapo pia waliouliza: si hawa hawa wanaouza vinyago? Ni kweli. Zuni ya leo ina watu wapatao 10,000, bado wanazungumza Kizuni, lugha isiyo na ndugu yeyote anayejulikana, na familia nyingi zinaishi kwa kazi ya mikono: vito vya fedha na feruzi, na vinyama vidogo vya mawe anavyonunua mtalii.

Lakini kinyama cha mawe huchongwa kiuzwe. Ahayu:da ni ya jamii nzima, na hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuiuza. Msomaji wa pwani anaijua mali ya wakfu, hahitaji maelezo marefu. Basi kila iliyo nje ya mzimu wake imeibwa, hata kama wa mwisho aliinunua kwa risiti. Hapa ndipo ninapoona werevu wa wazee wale: hawakuomba huruma kwa dini yao, walidai mali yao. Makumbusho ya Sanaa ya Denver yalikubali mwaka 1980. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya sanamu 60 zilikuwa zimerudi, nyingi kabla ya sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu urejeshaji. Hofu ya wizi nayo ilijibiwa: zilizorudi ziliwekwa mahali penye ulinzi, ila mvua inaingia.

Wala hawakudai kila kitu. Kuhusu mifupa ya wahenga iliyofukuliwa, walisema imekwisha kunajisiwa na kuirudisha hakutaondoa unajisi. Itunzwe kwa heshima huko iliko. Waliotabiri kwamba makumbusho yatabaki rafu tupu hawakuwasikiliza vizuri.

Kigugumizi changu kipo kwenye nakala. Miaka ya 1950 kikundi cha skauti huko La Junta, Colorado, kilitengeneza mavazi ya Shalako, sherehe kubwa ya Wazuni ya majira ya baridi. Wazee walipoyaona walisema haya ni ya kweli, wakakabidhiwa. Oxford nako kuna Ahayu:da aliyoichonga Cushing mwenyewe. Kwa Wazuni, maarifa yaliyomo ndiyo mali, mkono wowote uwe umechonga. Naielewa hoja, ila mahakama itapata tabu kuipimia mipaka.

Kenya inahusika. Mwaka 2014 jumba jingine la Denver, la sayansi ya maumbile, lilirudisha vigango 30 vya Wamijikenda, nguzo za kumbukumbu za wafu ambazo nazo hazipaswi kung'olewa hata zikioza. Makumbusho ya jimbo la Illinois yakafuata mwaka 2023 na vingine 37. Hapo kesi hizi mbili zinaachana. Wazuni wana serikali yao na ardhi yao, wakapokea wenyewe na kupeleka mzimuni. Vigango vinafikia kwanza Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, taasisi ambayo kazi yake ni kuhifadhi.